Komeo la Mlango wa Bafu

Swali ninalotaka kulizungumza hapa huenda likaonekana dogo mno kuandikiwa insha, tena lenye kuchekesha kidogo: je, mtu aliyezeeka anayo haki ya kujifungia bafuni? Nasema kujifungia, yaani kuingia, kusukuma komeo mpaka mwisho wake, na kuwa peke yake na maji yake na mwili wake. Vijana hawajiulizi swali hili kwa kuwa hakuna anayewasumbua nalo. Lakini katika kila nyumba yenye mzee, iwe ya udongo au ya vigae, siku moja swali hili hubisha hodi, na aghalabu hubisha baada ya mzee kuteleza.

Mimi nina umri wa miaka 76. Nilifundisha, nikawa mkuu wa shule, na miaka yangu ya mwisho ya utumishi niliimalizia katika chuo cha ualimu. Tangu nilipostaafu mwaka 2009 nakaa katika mji mdogo mkoani Tanga, na jioni wazee wa rika langu hukutana barazani. Zamani tulizungumza siasa na mpira. Siku hizi tunazungumza magoti, presha, na nani kaanguka. Katika mazungumzo hayo nimegundua jambo moja: habari ya kuanguka haiji kwa kinywa cha aliyeanguka. Huja kwa jirani, au kwa mjukuu asiyejua kuficha. Mwenyewe ukimwuliza mkono umefanya nini, atakwambia aliugonga kwenye mlango. Watu hawa ni wakweli katika mambo yao mengine yote. Wengine wao nimewaaminia fedha. Kwa nini basi waseme uongo juu ya kuteleza?

Kabla ya kujibu, yafaa tuone kwanza jambo lenyewe lilivyo zito. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2007 kwamba kati ya watu wenye miaka 65 na zaidi, asilimia 28 hadi 35 huanguka kila mwaka. Na kwa waliopita miaka 70, ni asilimia 32 hadi 42. Barazani kwetu tuko tisa. Kwa hesabu hiyo watatu wetu wataanguka kabla ya mwaka kwisha, na sioni sababu ya kudhani kwamba mimi si mmojawapo. Mwaka 2021 shirika hilohilo lilikadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kwa mwaka duniani. Hao ni wa rika zote, ingawa waliopita miaka 60 ndio wengi zaidi; na zaidi ya wanne katika kila watano wa hao hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo ni nchi kama hizi zetu.

Mzee haanguki kama mtoto. Mtoto hukimbia, hujikwaa, huanguka kifudifudi na viganja hutangulia. Hujichubua, hulia, husahau. Mzee hutembea polepole, na akiteleza huanguka upande, nyonga ikafika sakafuni kabla mkono haujapata habari. Na hapo nyongani ndipo mfupa wa paja ulipo na shingo yake, daraja jembamba linalobeba uzito wa kiwiliwili kizima. Mifupa hupungua uzito kwa umri, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma. Daraja likivunjika, mguu huonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo hugeuka kutazama nje. Nyumbani watasema kateguka, ataitwa mtu wa kukanda. La hasha! Mfupa uliovunjika hapo haukandwi. Mgonjwa hasimamishwi ajaribu kukanyaga. Hulazwa alivyo, hufunikwa, na hutafutwa gari la kumfikisha hospitali siku hiyohiyo.

Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa ule hupita kwenye shingo hiyohiyo, na mara nyingi huchanika pamoja nayo. Ndiyo maana mfupa huo ni mgumu kuunga wenyewe. Daktari Astley Cooper wa London aliandika habari zake mwaka 1822, akieleza jinsi mzee anavyoweza kuuvunja kwa kujikwaa kudogo tu. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo daktari wa Boston, Smith-Petersen, alipotangaza mwaka 1931 msumari wake wa kuushikiza mfupa huo. Kabla ya hapo dawa ilikuwa kitanda, na kitanda chenyewe ndicho kilichoua: kichomi kifuani, vidonda vya kulalia, damu kuganda miguuni. Bado kinaua mahali ambapo upasuaji hauko karibu au fedha yake haikupatikana. Na hata katika nchi tajiri zenye hospitali kila upande, kati ya wazee waliovunjika nyonga, mmoja katika watano, pengine hata mmoja katika watatu, hafikishi mwaka. Na wengi wa wanaobaki hawarudii mwendo wao wa zamani.

Basi watoto wetu wanapoingiwa na hofu, wana haki ya kuogopa. Sitaki msomaji adhani naandika ili kuwasema watoto.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja mjane, fundi cherehani wa zamani, ambaye miaka kadhaa iliyopita aliteleza bafuni akavilia damu mkono mzima. Mwanawe mkubwa alifika kutoka Dar es Salaam kesho yake. Ni kijana mwema, tena amemjengea mama yake nyumba nzuri. Alichukua bisibisi, akalifungua komeo la mlango wa bafu, akalitia mfukoni, akampa msichana wa kazi amri: bibi akienda kuoga, uingie naye. Msichana mwenyewe hajapata miaka kumi na minane. Kisha akarudi kazini kwake, moyo umetulia.

Mama yule hakubishana. Watu wa makamo yake hawabishani na mtoto anayewalipia umeme. Alichofanya ni kuanza kuoga kila baada ya siku tatu. Saa kumi ya alasiri akaacha kunywa maji ili usiku asiende haja. Na mara ya pili alipoteleza, ambayo mke wangu aliisikia kwake kwa siri, alimwapisha msichana yule asimwambie mtu.

Mimi niliingia nyumba ile kwa shughuli ya hitma ya marehemu, nikaomba kwenda msalani, na kwa tabia yangu ya ukaguzi ambayo kustaafu hakukuiondoa, nikatazama. Sakafu ilikuwa ya vigae vinavyong'aa kama sahani. Taa ilikuwa imeungua. Kandambili zilizokuwa mlangoni zilikwisha meno chini, laini kama kipande cha sabuni. Ukutani hapakuwa na kitu cha kushika isipokuwa bomba la plastiki la kutundikia taulo, ambalo lingeng'oka kwa uzito wa paka. Vyote hivyo vilikuwako siku mama alipoanguka, na vyote vilikuwa vimeachwa kama vilivyo. Kilichoondolewa ni komeo.

Hapa ndipo napataka mawazo ya msomaji. Kwa nini mtoto mwenye mapenzi aanze na komeo? Nadhani ni kwa sababu komeo halina gharama. Linatoka kwa dakika mbili. Vigae vinataka fundi, saruji na siku tatu za vumbi. Upau wa kushikilia unataka mtu wa kuchomelea. Taa inataka mtu akumbuke. Uhuru wa mzee ndicho kitu pekee katika bafu lile ambacho hakikuwa na bei, kwa hiyo ndicho kilichotolewa kwanza. Nilipokuwa mkuu wa shule niliona ndugu yake jambo hili. Mtoto akivunjika mkono uwanjani, njia nyepesi ni kutangaza mstarini kwamba kuanzia leo ni marufuku kukimbia. Njia nzito ni kuchukua majembe na kuyafukia mashimo. Nimezuru shule ambazo marufuku ilikuwapo na mashimo yalikuwapo, na watoto waliendelea kuvunjika, ila sasa walificha.

Nimeulizwa barazani, na aliyeuliza si mjinga: bora nini, mzee mwenye aibu aliye hai au mzee mwenye heshima aliyezikwa? Ukiliweka swali hivyo, jibu linajileta lenyewe, na ndiyo hila ya swali. Linadhani kwamba kila kipande cha sitara anachonyang'anywa mzee kinageuka kuwa usalama. Tazama lililomtokea mama yule. Anayeoga mbele ya mtu huoga mara chache. Anayeogopa kwenda haja hupunguza maji, na mwili uliokauka husimama na kizunguzungu. Anayezuiwa kila hatua hukaa, na miguu inayokaa hulegea. Mzee akilala kitandani wiki mbili tu, atakwambia mapaja yake si yale. Na linalozidi yote, aliyenyang'anywa komeo kwa kuanguka mara ya kwanza hatasema habari ya mara ya pili. Hilo ndilo jibu la swali langu la mwanzo. Wazee wale wa barazani wanaficha kwa sababu wamejifunza kwamba anayesema kweli huadhibiwa, nasi tuliofundisha tunajua jinsi somo hilo linavyoingia haraka.

Sitara kwetu si pambo. Mtu wa pwani au wa bara, Mwislamu au Mkristo, amelelewa tangu akiwa mdogo kwamba mwili una mahali pake pa kufunuliwa na una watu wake. Huwezi kumwambia mtu kwa miaka 70 kwamba hiyo ndiyo heshima yake, kisha kwa sababu magoti yamechoka umwambie ilikuwa adabu ya watoto.

Nitasimulia kisa kingine, cha mtaa wa pili, ambacho kilizungumzwa sana. Bibi mmoja aliteleza akioga, yapata saa nne asubuhi. Nyumbani hapakuwa na mtu ila mume wa binti yake aliyekuwa likizo. Alisikia kishindo, kisha kimya. Akakimbilia mlangoni.

“Mama, umeumia?”

“Usiingie, baba. Usiingie. Niitie watu.”

Mlango haukuwa na komeo. Angeweza kuusukuma kwa kidole. Hakuusukuma. Alikwenda kuita wanawake: nyumba ya kwanza imefungwa, ya pili wamekwenda msibani, ya tatu akampata muuza maandazi, akaacha karai lake motoni akaja. Ilipita karibu nusu saa, na bibi yule muda wote amelala juu ya saruji yenye maji, nyonga imevunjika. Alipelekwa hospitali, akahamishiwa kubwa zaidi, akafanyiwa upasuaji. Leo anatembea kwa kile kifaa cha miguu minne. Wako waliomlaumu mkwe. Walisema uhai mbele, mila nyuma. Mimi sikumlaumu, wala simlaumu leo. Aliambiwa usiingie na mtu mwenye haki ya kusema hivyo. Kama angevunja amri ile, bibi angepona nyonga kwa dawa za daktari, lakini sijui angemtazamaje mkwe wake mezani.

Nilichouliza mimi ni khanga ilikuwa wapi. Ilikuwapo, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kimo cha mtu aliyesimama. Bibi aliiona muda wote akiwa chini, asiifikie. Laiti msumari ule ungalikuwa kimo cha goti, angevuta khanga, akajifunika, akasema, “Ingia, mwanangu,” na ile nusu saa isingalikuwapo. Tangu siku hiyo kila nyumba ya mzee ninayoingia naulizia msumari. Najua watu wananicheka. Msumari ni shilingi ngapi? Na kwa msumari mmoja lile shindano la uhai na heshima, ambalo wasomi wa mtaa walilibishania wiki nzima, halipo tena.

Ndiyo sababu naona kwamba swali la komeo lisijibiwe mpaka mengine yote yaliyomo bafuni yameulizwa. Mengi yake ni kazi ya fundi wa kawaida. Upau wa kushikilia uwe wa chuma au wa mti mgumu, unene unaoenea kiganjani, umekazwa ukutani kiasi cha kubeba mtu mzima anayening'inia, si taulo. Kama choo ni cha makuti au cha udongo, zichimbiwe nguzo mbili ardhini na gongo lipite juu yake, kushoto au kulia kwa tundu kufuatana na mkono wenye nguvu wa mwenyewe. Choo cha kuchuchumaa kina hatari yake ya pekee: kushuka si kazi, kazi ni kupanda, na anayeinuka ghafla, hasa anayemeza dawa za presha, damu huchelewa kufika kichwani. Asimame akiwa ameshika, ahesabu mpaka kumi, ndipo apige hatua. Wengine hutengeneza kiti cha mbao chenye tundu na kukiweka juu ya shimo. Nimekiona kikifanya kazi vizuri kwa miaka. Kuoga kufanywe kwa kukaa kwenye stuli pana isiyoyumba, ndoo iwe juu ya kitu ili mtu asiiname. Sakafu ya saruji ikwaruzwe kabla haijakauka, na iliyokwisha lainishwa igongwegongwe kwa patasi. Vigae vinavyong'aa viwe vya sebuleni, kwa macho ya wageni. Povu la sabuni limwagiwe maji kabla ya kutoka.

Kuna mlango pia, na hapa mafundi wengi hukosea. Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Mzee akianguka katika bafu dogo mwili wake ndio unaoziba njia, na mlango unaosukumwa ndani humgonga au haufunguki kabisa. Komeo nalo liko la namna ambayo kwa ndani hufungwa kwa mkono, na kwa nje, kwa dharura, hufunguliwa kwa sarafu au ncha ya kisu. Mimi nimetia la namna hiyo. Na kwenye upau nimefunga filimbi yangu ya shule, ile niliyokuwa nikiwapangia wanafunzi mstari. Wajukuu wanajua maana yake.

Shemeji yangu mmoja alipomwona fundi akitoboa ukuta wetu alikasirika. “Mnaita shari,” alisema. “Hamjaanguka, mnajiandalia kuanguka.” Uchuro huu wa kutotaja baya ili lisije una mizizi mirefu, na wengi wanaoamini hivyo si washirikina, ni watu wanaoona haya kumwambia mzazi kwamba amezeeka. Upau ukutani unasema hivyo kwa sauti. Lakini sisi hapa tunachimba mifereji kabla ya masika, na sijasikia mtu akisema kwamba mfereji ndio ulioleta mvua.

Mengine hayamo bafuni. Usiku ndio mbaya: mzee wa kiume mwenye tezi dume anaamka mara tatu, nne, na kama choo kiko nje, anavuka ua gizani, jiwe moja, kuku mmoja aliyelala njiani, yamekwisha. Kopo au chombo cha kujisaidia kando ya kitanda si kurudi utotoni, na tochi iwe chini ya mto, si mezani. Macho yenye mtoto wa jicho yasafishwe. Upasuaji wake ni wa muda mfupi, na anayeona ngazi haikanyagi hewa. Dawa za usingizi zimeangusha wazee wengi, na anayezitumia amuulize daktari kama bado anazihitaji. Na miguu ifanyishwe kazi. Uchunguzi mwingi uliofanywa sehemu mbalimbali za dunia umeonyesha kwamba mazoezi ya mizani na nguvu za miguu hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Siyo mazoezi ya jeshi: kuinuka kitini mara kumi bila kushika mikono, kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika meza. Wenzangu wanaotawadha kwa kuinua mguu mpaka kwenye beseni la kunawia, nawaambia wakae kwenye kigoda. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba udhu wa kukaa haufai.

Sasa nigeuke upande wetu wazee, maana mpaka hapa tumependelewa.

Wako kati yetu wanaokataa kila kitu. Upau hawautaki, stuli hawaitaki, fimbo wameificha uvunguni. Wakiambiwa, husema, “Niacheni, nikianguka nimeanguka mimi.” Maneno haya yana sauti ya ushujaa, ila hesabu yake si sahihi. Nikivunjika nyonga siangukii nafsi yangu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na familia, tuseme kweli, ni mwanamke mmoja. Ni binti, au mke wa mwana, atakayefunga genge lake sokoni, atakayegeuza mwili wangu kila baada ya saa mbili usifanye vidonda, atakayefua mashuka alfajiri. Hakuulizwa siku niliyoikataa stuli. Mtu anayedai komeo lake kwa jina la uhuru, kisha anamwekea mwingine rehani uhuru wake bila kumwuliza, hajafikiri mpaka mwisho.

Kwa hiyo mimi naona kuna maagano hapa, ambayo kila nyumba ingeyasema waziwazi badala ya kuyaacha yapiganiwe kwa bisibisi na siri. Mtoto aseme: sitaliondoa komeo lako kabla sijatengeneza sakafu, taa, upau na mlango. Mzazi aseme: nitatumia ulichonitengenezea, na siku nikiteleza, hata kama sikuumia, nitakwambia kabla ya jirani. Kuteleza bila kuumia ndiyo habari yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu bado kuna la kufanya. Mama yule fundi cherehani, baada ya mke wangu kuzungumza naye, na baada ya mimi kumwandikia mwanawe barua ambayo niliifuta mara tatu ili isisikike kama ya mwalimu mkuu, alirudishiwa komeo lake. Sakafu imebadilishwa. Msichana wa kazi hukaa jikoni, anasikia. Sijui kama mama huyo hataanguka tena. Hakuna ajuaye.

Yako mahali ambapo hoja yangu haifiki, nami sitaki kuificha. Maagano yanataka watu wawili wenye kumbukumbu. Mzee ambaye akili imeanza kumponyoka, aliyesahau kuwa sakafu huteleza, anayeweza kujifungia na asijue kufungua, huyo huwezi kumwachia komeo kwa kuwa ni haki yake. Atakuwa ameachwa, hakuheshimiwa. Hapo mtu mwingine lazima awepo, na swali linabaki ni kwa namna gani.

Nimeona namna moja kwa binti wa rafiki yangu, ambaye mama yake yuko katika hali hiyo. Mlango hurudishwa bila kufungwa. Binti huweka kigoda nje, hukaa na ungo wa mchele, huchambua. Anazungumza na mama yake kupitia mlangoni habari za bei ya nazi, za nani kaposwa, na mama hujibu huku akijimwagia maji, akidhani ni mazungumzo tu. Kimya kikizidi, binti huuliza tena bei ya nazi ilikuwa ngapi zamani, na vidole vyake husimama juu ya mchele mpaka asikie jibu.